Kitanda Kilihama, Kompyuta Ikabaki

Kule Mlola, nyumba ya pili chini ya kanisa, kompyuta ya kwaya ya akina mama ililala chumba kimoja na mwenyekiti wao. Usicheke. Wapo wanaolala na magunia ya viazi, wapo wanaolala na mbuzi mwenye mimba, na hakuna anayewauliza. Mama Beatha alilala na kompyuta, na alisema haikoromi, tofauti na marehemu mumewe.

Alikuwa na sababu. Kompyuta ya kwanza ya kwaya ilikaa ofisi ya usharika, ikaugua, ikapelekwa kwa fundi mmoja ambaye jina lake sasa halitajwi hata kwenye sala. Ikarudi imepona, ila imepungua uzito kama mtu aliyetoka kwenye malaria. Ilipofunguliwa ndani, nusu ya viungo havipo. Ilipopatikana ya pili, Mama Beatha alisimama mbele ya mchungaji na kwaya nzima, akainua mkono.

"Kompyuta hii haitavuka mlango wa chumba changu," aliapa, "mpaka siku ya uzinduzi."

Uzinduzi wenyewe ulikuwa wa video yao. Waliipiga Irente, juu ya jabali linalotazama bondeni, wamevaa vitenge vya bluu, upepo unavuma kama umealikwa. Mama Eliaichi, sauti ya kwanza, alifungua mdomo kuimba, na kitambaa chake cha kichwa kikaondoka, kikateremka taratibu kuelekea Mazinde kule tambarare, na mpaka leo hakijapanda. Mpiga picha aliwaachia kazi yote ndani ya kompyuta, akahamia Tanga. Akina mama wakaomba nakala kwenye simu zao. Mama Beatha akakataa.

"Nikimpa mmoja, kesho itaimbwa kwenye kila bodaboda, na Jumapili mtamzindulia nani? Nakala baada ya maombi."

Basi ikawa kwamba video ipo mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo ni hatua chache kutoka kwenye mto wake.

Alhamisi radi ikapiga. Mama Beatha akafanya lile ambalo kila mtu wa milima hii hufanya: akakimbia nyumba nzima akichomoa waya ukutani, wa redio, wa taa, wa kompyuta, huku akimwomba Mungu apige kwa jirani asiye na kitu cha kuungua. Alifanya vizuri kuchomoa, kwa maana soketi za sebuleni ziliungua zote, zikabaki na masizi kama mafiga. Ya chumbani tu ndiyo iliyopona.

Jumamosi mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati na mvua inanyunya, akachomeka tena waya ili ajisikie kidogo anavyoimba. Kompyuta ikawaka. Ikaandika Kizungu kwenye weusi. Ikageuka bluu. Halafu ikamtolea uso: macho mawili ya nukta na mdomo uliopinda kwenda chini, umelala ubavu kama mtu aliyesusa chakula. Ikazima yenyewe, ikawaka yenyewe, ikanuna tena.

Mama Beatha aliketi kitandani. Kesho usharika wa jirani ungekuja na kwaya yao, na matarumbeta, na ule ulimi wa katibu wao. Na akina mama wote wangemgeukia aliyekataa kutoa nakala.

Akampigia fundi Martin, mjini Lushoto. Martin hakutaka maelezo mengi.

"Hiyo imekufa Windows, mama. Nakuja kesho asubuhi napiga Windows mpya, inakuwa kama imezaliwa leo."

"Na vilivyomo ndani?"

"Mama, mtoto aliyezaliwa leo anakumbuka nini?"

Akakata simu. Alibaki na jina moja tu, na jina hilo lilikuwa gumu kulipiga kuliko yote: Severin, mume wa binti yake Beatha.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta mjini, mikono safi, mdomo mfupi. Wazazi wake walitoka Njombe kuja kuchuma chai, wakamlea Kikatoliki na kwa adabu nyingi kupita kiasi. Tangu amwoe Beatha, Severin hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Alizungumza na mlango, na kuku, na ndala zake mwenyewe. Mama Beatha, ambaye alipenda kutazamwa anapozungumza kwa sababu nusu ya maneno yake yalikuwa kwenye nyusi, alimwona kama redio iliyowekwa uso ukutani.

Lakini alikuja. Alifika na pikipiki, amelowa hadi soksi, akasimama kwenye kibaraza.

"Hodi hapa. Shikamoo, mkwe," aliiambia ndoo ya maji.

"Marahaba, mkwe. Ndoo imeitikia pia. Ingia sebuleni. Beatha kateremka Mazinde na kabichi zake, atarudi jioni, kwa hiyo tuko mimi, wewe na mgonjwa."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Chumbani."

Severin akarudi nyuma hatua moja hadi kwenye mvua. Chumba cha mkwe! Hapo mtu haingii hata nyumba ikiwaka moto. Anaweza kumwagia maji kutoka nje na kuomba radhi.

"Mkwe, naomba itolewe sebuleni."

"Sebuleni hakuna umeme, radi imekula. Halafu niliapa haitavuka mlango."

"Waya mrefu wa kuunganishia?"

"Uko kanisani, wameunganishia vipaza sauti vya kesho."

Mvua ikanyunya. Mama Beatha, pamoja na hofu yake yote, alijikuta anafurahia kidogo. Wapo watu ambao hata jeneza likipita watachungulia limefungwaje.

"Basi," alisema Severin hatimaye, "mkwe uwe macho yangu. Mimi nitakaa huku, wewe ukae huko, mlango ufungwe. Utaniambia unachokiona."

"Hata paka aliye hapa nikuambie?"

"Kwenye kompyuta, mkwe."

Wakaanza. Yeye sebuleni, uso umeelekea ukutani ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Mama mkwe chumbani, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, elimu ya darasa la saba mkononi.

"Imenuna," alitangaza.

"Iache inune. Kuna saa mahali popote? Tarehe?"

"Ile ya kwanza, kwenye weusi. Ngoja inune tena iwake." Akangoja. "Hii hapa. Inasema ni Januari, na mwaka... heee! Mwaka huo Beatha alikuwa bado hajakuona. Mkwe, turudi huko?"

Nyuma ya mlango pakasikika kitu kama kikohozi. Huenda kilikuwa kicheko, lakini kilivaa suti.

"Mkwe, hiyo ni habari njema," alisema Severin. "Ndani yake kuna betri ndogo, ya mviringo kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kuikumbusha kompyuta ilivyopangwa hata umeme usipokuwepo. Hiyo betri ilikwisha siku nyingi, ila waya ulikuwa ukutani siku zote, haikujulikana. Ulipochomoa, ikasahau kila kitu. Imerudi na mipangilio ya kiwandani."

"Imesahau na nyimbo?"

"Hapana. Nyimbo ziko kwenye diski, na diski haisahau kwa sababu hiyo. Tatizo ni namna kompyuta inavyoisemesha. Ni kama..." Alitafuta mfano, na kwa bahati aliupata. "Mzee wa hapa Mlola, amezoea kuamkiwa Kisambaa, 'onga mshi'. Leo aje mtu amwamkie Kijerumani. Ataitika?"

"Atanyamaza, na atamwona mtu huyo hana adabu."

"Basi diski imenyamaza. Haijafa. Haijaamkiwa vizuri tu."

Mama Beatha aliitazama kompyuta kwa macho mapya. Kumbe ile kununa haikuwa ugonjwa. Ilikuwa heshima! Na Martin alitaka kuja kumzika mzee wa watu kwa sababu hajaitikia salamu.

"Sasa tunaiamkiaje?"

"Iwashe upya, na papo hapo udonoe kitufe cha F2, kile cha juu, donoa donoa kama kuku kwenye mtama, usiache."

Alidonoa. Paka alidhani anachezewa, akapanda mezani, akashushwa kwa jina la Bwana. Ukatokea ukurasa wa kijivu, umejaa maneno ya Kizungu kama mahindi gunzini.

"Tafuta lilipoandikwa S, A, T, A."

"Nimeliona. Linakaa peke yake, kama mjane."

"Mbele yake kuna machaguo. Nisomee herufi, usibonyeze."

"La kwanza D, I, S, A, B..."

"Hilo usiliguse kabisa, mkwe. Hilo ni kumfungia mzee mlango."

"La pili A, H, C, I. La tatu R, A, I, D, halafu 'On'. Hilo la tatu ndilo lenye alama."

"Hapo ndipo pabaya. Kiwandani waliweka la tatu. Aliyeweka Windows, naamini, aliweka la pili, na diski imelelewa kwa hilo la pili. Hamishia alama la pili."

"Unaamini, au unajua?"

Severin hakudanganya. "Naamini. Lakini la kwanza ni kufunga mlango, la tatu ndilo linalonuna. Limebaki moja."

Mama Beatha akahamisha alama. Akatoka kwenye ukurasa ule. Akafumba macho, akaomba maombi mafupi ambayo Mlutheri huomba akiwa na haraka. Akafumbua.

Uso ule ule. Umelala ubavu. Umenuna.

Utani wote ukamtoka kama mvuke wa sufuria. Alikaa pembeni mwa kitanda, akashika vidole vyake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikawa ndogo.

"Mkwe, imekataa."

"Umefanya kila nilichosema?"

"Kila kitu. Kesho watanitoa kwenye uenyekiti, na haki yao. Niliwanyima nakala kwa kiburi changu, Severin. Sasa hata mimi sina."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Nyuma ya mlango Severin akasogea hatua moja.

"Mkwe," alisema polepole, "hapa mpaka nione kwa macho. Lakini chumbani siwezi. Hata ukiniruhusu wewe, miguu yangu haitakubali."

Mama Beatha akanyanyua kichwa. Kukata tamaa ni kitu kizuri kwa mtu mjanja. Humfanya aangalie vitu alivyokuwa anavikalia. Na yeye alikuwa amekalia kitanda.

"Chumba cha kulala ni nini, mkwe?"

"Ni... ni chumba chenye kitanda."

"Kikitoka kitanda?"

Kabla hajajibiwa alishafungua dirisha na kumwita jirani yake. "Nasra! Njoo tuhame!"

Nasra alikuja na ushungi umelowa, akiwa bado ameshika mwiko. Alipoelezwa alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Si uliapa, wewe?"

"Niliapa kompyuta haitatoka. Sikuapa kuhusu kitanda."

Kikatolewa godoro. Zikatolewa chaga. Kikavutwa kitanda chenyewe, cha mbao za enzi za marehemu mumewe, kizito kama deni la dhambi, kikilalamika mlangoni. Wanawake wawili waliingia nacho sebuleni kwa kishindo, na walipoinua macho, sebule ilikuwa tupu. Severin alikuwa ameona ubao wa kwanza wa kitanda cha mkwewe ukitokeza, akaruka nje kama nyumba imeingiwa na siafu.

"Mkwe, njoo sasa! Chumba kimekuwa ofisi!"

"Mkwe," ilijibu mvua, "sebule imekuwa chumba."

Nasra akakaa chini kabisa. "Sasa atapitia wapi? Kwenda ofisini lazima apite kitandani kwako! Mama Beatha, umemfungia mkweo nje kwa kitanda chako mwenyewe!"

Mama Beatha akasimama, mikono kiunoni, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akatazama sebule. Akatazama chumba. Akatazama dirisha lililobaki wazi, lenye nondo zake, na nje yake migomba inayodondosha maji.

"Dirisha," alisema, "si mlango."

Wakaivuta meza mpaka dirishani. Wakageuza kioo cha kompyuta kikatazama nje. Na kibodi, yenye waya mrefu kuliko hadhi yake, Mama Beatha akaipitisha kiubavu katikati ya nondo, ikapokelewa upande wa pili na mikono miwili yenye adabu. Juu ya kichwa cha Severin, Nasra alishika mwavuli. Chini yake, bata watatu walisimama kutazama.

Ndivyo alivyowakuta Mama Eliaichi alipokuja kuuliza kama mavazi yamepigwa pasi.

"Mungu wangu! Severin! Dirishani kwa mkweo, mchana kweupe?"

"Anaamkia," alisema Nasra.

"Shikamoo, mama," Severin aliwaambia bata.

Akadonoa F2. Ukurasa wa kijivu ukaja. Akatazama pale penye S, A, T, A, na alama ilikuwa bado imekaa kwenye la tatu, palepale, haijatikisika. Kumbe chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na kitufe cha kuthibitisha, na mkwewe alikuwa ametoka bila kukibonyeza, kama mtu aliyeandika barua nzuri akaiacha mezani.

Mama Beatha aliona anakotazama. Alijua. Na Severin alijua kwamba amejua. Hapo ndipo angeweza kuwa mkwe kama wakwe wengine, akamtangazia kosa lake mbele ya watu.

"Kompyuta haikukusikia, mkwe," alisema taratibu. "Na mimi sikukuambia ubonyeze pale chini."

"Kompyuta ina masikio mabaya sana," alisema Mama Beatha, na moyoni akamwongezea Severin kipande cha nyama kwa kila Krismasi iliyobaki.

Severin akahamisha alama kwenye la pili, akabonyeza kuthibitisha, akatoka. Kioo kikawa cheusi. Hakuna aliyepumua, isipokuwa bata. Kisha duara dogo likaanza kuzunguka, likazunguka, likazunguka, na Mama Beatha akasema kimoyomoyo, zunguka baba, zunguka, hata ukichelewa utatukuta. Na mara ikatokea picha ya kanisa, ile waliyoiweka wao wenyewe, na pembeni yake video.

Akaibofya. Jabali la Irente likajaa dirishani. Vitenge vya bluu, upepo, Mama Eliaichi anafungua mdomo, na kitambaa hicho, kinaondoka.

"Mungu awasamehe," alisema Mama Eliaichi mwenyewe, "hamkukata hapo?"

"Hapo ndipo pazuri kuliko pote," alisema Nasra.

Severin hakucheka. Alikuwa na neno lililomkwama. "Mkwe, kesho mtaichomoa ili kuibeba kanisani. Ikichomolewa, itasahau tena. Lazima betri ibadilishwe. Na kabla ya kufungua kitu chochote..." Aliinamisha kichwa zaidi. "Kabla ya hapo, naomba nitoe nakala. Nina flashi mfukoni."

Akina mama wawili wakamtazama mwenyekiti wao. Neno lenyewe ndilo hilo: nakala. Mama Beatha akatazama nje, akaona mkwewe amelowa, ametazama matope, ameinua flashi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Toa," alisema. "Na nyingine mpe Mama Eliaichi, ili nikifa usiku huu wasinifukue."

Betri haikupatikana Mlola nzima, mpaka Mama Beatha alipokumbuka mizani yake ndogo ya kupimia jemu ya plamu. Akaifungua tumbo, ikatoka betri ya mviringo, kama kifungo cha koti, saizi ileile. Akazima kompyuta, akachomoa waya, akaifungua ubavu mwenyewe huku Severin akimwelekeza dirishani, akatoa iliyokufa, akaweka iliyo hai. Ilipowaka, ikiwa imesahau tena, alirudisha kibodi ndani, akadonoa F2 bila kuambiwa, akahamisha alama, na akabonyeza kuthibitisha kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Jemu ya wiki ile ilipimwa kwa jicho. Kama wateja walipata zaidi au pungufu, yeye hasemi.

Kisha akamimina chai ya tangawizi na kuipitisha kwenye nondo. Severin akaipokea, akageuka, akanywa akiwa amempa dirisha mgongo, kama inavyopasa.

Jumapili kwaya ya jirani ilikuja na matarumbeta yake, na ulimi wa katibu wao ukakosa kazi. Kompyuta iliamka kanisani kwa salamu ya kwanza. Video ilipofika kwenye kitambaa, kanisa zima lilisimama, na wengine walisema walisimama kwa ajili ya Roho. Mchungaji akauliza ni nani aliyeokoa kazi hii. Severin alikuwa nyuma kabisa, Mkatoliki peke yake, anatazama viatu.

"Ni mkwe wangu," alisema Mama Beatha, kwa sauti inayofika Mazinde. "Msimtafute usoni, hamtampata. Mtafuteni dirishani."

Kitanda kilirudi chumbani jioni ile. Lakini wiki iliyofuata alimwita seremala, akapigilia ubao mpana nje ya dirisha, wa kuwekea kibodi na kikombe, na juu yake bati jipya, limetokeza vya kutosha mtu asilowe. Wapita njia wakiuliza kibanda gani hicho kinachong'ang'ania ukuta wa mjane, huwajibu kwamba ni sebule ya mkwewe.